Machinga ana kwao

(Maongezi ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Leo naomba tusafiri pamoja, na nauli ni yangu. Tunatoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, tunaiacha Mbagala na foleni zake, tunapita Mkuranga na Kibiti, tunavuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa. Tunapita Somanga, tunapita Nangurukuru ambapo njia ya Kilwa Masoko hukata kushoto, tunapita Kiranjeranje, na hatimaye tunaufikia mto Mbwemkuru. Mto huo ndio mpaka kati ya Kilwa na Lindi. Ukishauvuka umeingia nchi ya Kitomanga, na mbele yako iko Mchinga, bahari na mashamba yake ya chumvi. Ukiendelea unafika Lindi mjini.

Abiria wengi wa mabasi ya Mtwara hupita Kitomanga wakiwa wamesinzia. Siwalaumu. Dirishani hakuna maajabu: mikorosho, minazi, nyumba za udongo na za matofali kando ya lami, vijana na pikipiki zao kwenye kivuli, kina mama na mabeseni ya embe msimu wake ukifika. Lakini ajabu ni kwamba abiria huyohuyo, akishafika kwake Dar es Salaam, hatamaliza siku bila kulitaja kabila la watu wa hapo alipopita amesinzia. Atasema: nimenunua shati kwa machinga. Atasema: machinga wameziba njia. Diwani wake atasema: machinga waondoke. Gazeti litaandika: machinga wapewe maeneo.

Wamachinga, ndugu msikilizaji, ni watu. Simaanishi kwamba wao nao ni binadamu, hilo nadhani tumekubaliana. Namaanisha ni kabila, lenye lugha yake Kimachinga, inayokaribiana na Kimwera na Kimakonde, na lenye nchi yake, ambayo ni mwambao huu wa kaskazini ya Lindi na bara yake ya karibu. Jina la Mchinga kwenye ramani na jina la mchuuzi wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ni ndugu. Hata Malawi iko wilaya nzima inayoitwa Machinga, kwa jina la tawi la Wayao, na jambo hilo linakukumbusha jinsi watu wa kati ya pwani yetu na Ziwa Nyasa walivyochanganyika kwa misafara, kwa vita na kwa kuoana.

Wako wajanja wa mjini wanaodai eti neno machinga limetokana na Kiingereza, mtu anayetembea kwa mwendo wa gwaride akiuza vitu. Ni mzaha mzuri wa barazani, wala si zaidi ya hapo. Vijana wa Lindi walikuja Dar es Salaam, wakatembeza bidhaa mkononi, na watu wa mji wakawaita kwa kabila lao. Baadaye kila atembezaye bidhaa, awe Msukuma, Mchaga au Mkurya, akawa machinga. Kabila likawa kazi. Sijui kabila jingine hapa nchini lililopatwa na jambo hilo kiasi hiki, hata sheria na hotuba za viongozi zikalitumia jina lake bila kulikumbuka.

Sasa tuulize: ni nini kilichowatoa huko?

Nchi yenyewe si maskini. Wilaya ya kale ya Lindi, ile tuliyozoea kuiita Lindi Vijijini, ilianzia Mbwemkuru kaskazini ikashuka hadi ng'ambo ya mto Lukuledi kusini. Ina bahari. Ina mabonde ya mpunga. Ina Ziwa Rutamba, na juu yake msitu wa Litipo. Ina uwanda wa juu wa Rondo, ambako baridi ya asubuhi humshangaza mtu wa pwani, na ambako misitu ya mvule ilivunwa kwa miaka mingi. Katika msitu wa Rondo yuko komba mdogo sana aliyepewa jina la mahali hapo na wataalamu, na ambaye duniani kote anapatikana katika vipande vichache tu vya misitu ya Tanzania. Watu wake wengi ni Wamwera, kisha Wamakonde, Wamachinga, Wayao na Wangindo, na pwani wamo waliokwisha kuyeyuka katika Uswahili hata kabila ukimwuliza atakujibu kwa dini au kwa mtaa. Pwani ni Uislamu tangu zamani. Bara, kama Nyangao na Rondo, zipo misheni, Wabenedikto na Waanglikana. Ukoo kwa wengi huhesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Jando na unyago bado vina msimu wake.

Lakini jiografia nzuri haimzuii mtu kuondoka ikiwa historia inamsukuma. Na historia ya huku imesukuma sana.

Nitapita haraka katika biashara ya watumwa, maana imesemwa mara nyingi. Misafara kutoka Ziwa Nyasa iliteremka Kilwa Kivinje, na Lindi nayo ilikuwa mlango wake. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyefanya kazi kubwa ya kukiandika Kiswahili, aliteremka Lindi na kutembea kwa miguu hadi Masasi akiwa na watu waliokombolewa utumwani. Nchi waliyoipita ilikuwa tayari imezoea kujificha, na watu wanaozoea kujificha hawajengi miji mikubwa.

Kisha Wajerumani, na kisha Maji Maji. Vita ilianza Julai 1905 huko Nandete, Umatumbi, na kabla ya Agosti kwisha ilikuwa imefika kwa Wamwera, na misheni ya Nyangao ikavamiwa. Walioshindwa kwa bunduki walimalizwa kwa njaa: mashamba yalichomwa, maghala yakachomwa, kwa makusudi. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa kusini kote walikuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyoifuata. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi kwa yale yaliyotendwa. Hilo ni jema. Lakini Songea ni Songea, na Lindi nayo ina makaburi yake ambayo hayajazuriwa na mgeni wa ngazi hiyo.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu kilichofuata hakisimuliwi ipasavyo.

Mwaka 1906, moshi wa vita ukiwa bado haujatua, mhandisi Mjerumani aitwaye Bernhard Sattler alikuta mifupa mikubwa ajabu kwenye kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, katika pori la bara ya Kitomanga na Mipingo. Vitabu humwita mgunduzi. Wenyeji, ambao njia zao zilipita palepale juu ya mifupa, hawakuitwa kitu. Mwaka 1909 Makumbusho ya Berlin ikatuma wataalamu wawili, Werner Janensch na Edwin Hennig, na kazi ya kuchimba ikaendelea hadi 1913. Walichokitoa ni mifupa ya mijusi wa kale, dinosaria, walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita.

Wazungu walikuwa wawili, baadaye wakaja wengine wachache. Wachimbaji walikuwa Waafrika, na katika kilele cha kazi walifikia karibu 500. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye kwa ujuzi wa kuutambua mfupa ndani ya udongo, kuusafisha bila kuuvunja na kuufunga kwa safari, alikuwa mtaalamu hasa, ingawa hakuna shule iliyompa cheti. Imewachukua karibu miaka 100 wanasayansi kulikumbuka jina lake: mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii, yaani wa Boheti.

Hebu tafakari. Hawa waliochimba mwaka 1909 ni nani? Ni watu wa Lindi na jirani zake, waliokuwa wametoka katika njaa ya Maji Maji miaka miwili tu iliyotangulia. Mkoloni alidai kodi kwa fedha, na Tendaguru palikuwa na fedha. Walikuja wengine na wake na watoto, wakajenga vibanda, pakawa kijiji. Halafu mifupa ilipaswa kufika baharini. Hapakuwa na gari wala reli, na mbung'o walizuia punda na ng'ombe. Kwa hiyo ilibebwa. Kichwani, begani, na ile mikubwa kwa mti watu wawili, mwendo wa siku tatu hadi tano mpaka bandari ya Lindi, tena na tena, maelfu ya mizigo. Zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa zilitoka katika pori lile kwa vichwa vya watu.

Nikimwona kijana wa Lindi akipita Kariakoo na lundo la suruali begani, simwoni kama jambo jipya lililozuka katika miaka ya 1980. Babu yake alishabeba mzigo mzito zaidi, na kwa faida ya wengine.

Mjusi mmoja aliyetoka Tendaguru alisimamishwa Berlin mwaka 1937. Amesimama hadi leo, kimo chake mita 13.27, na hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa popote duniani kinachompita kwa kimo. Watu hukata tiketi kwenda kumwona. Waingereza nao, baada ya kuichukua nchi, walichimba Tendaguru kuanzia 1924 hadi 1931. Msafara wao wa kwanza alikuwamo kijana Louis Leakey, kabla hajajulikana, na kiongozi wake William Cutler alikufa kwa malaria mwaka 1925 Lindi. Suala la kumrudisha mjusi limeulizwa Bungeni zaidi ya mara moja, na Serikali imekuwa ikijibu kwamba kumrudisha kuna ugumu wa utaalamu na gharama, na kwamba ni afadhali ushirikiano. Pengine. Mifupa ya miaka milioni 150 si mzigo wa kurusha ndani ya lori. Lakini ushirikiano nao una vipimo. Kama watu wa Namapwia na Mipingo bado hawana kinachoonekana kwa macho kutokana na mjusi wao, barabara ya uhakika, nyumba ya maonyesho, hata kibao chenye jina la Boheti bin Amrani, basi mshirika mmoja ndiye anayeshirikiana, mwingine anaangalia.

Baada ya hapo, ndugu wasikilizaji, Lindi iliishi kwa matumaini ya kuletewa. Waingereza walileta mradi wa karanga Nachingwea mwaka 1947. Ukaanguka katika muda mfupi, nao ukaacha bandari ya kina Mtwara na reli ambayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lindi, iliyokuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini, ikaona cheo kinahamia Mtwara. Mkonge wa Kikwetu ukashuka bei. Ikabaki korosho.

Korosho ni habari ya kusikitisha kwa namna yake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000, na sehemu kubwa ilitoka kusini. Mwaka 1986/87 zilikuwa hazifiki 17,000. Kilichotokea hapo katikati ni mambo mengi kwa pamoja. Bei ya mkulima ilikuwa ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, na viwanda vya kubangua vikajengwa kwa mikopo bila kupata korosho za kubangua. Na kulikuwa na kuhamishwa kwenda vijiji vya pamoja, ambako kusini kulikuwa kumeanza mapema kwa sababu ya vita vya ukombozi wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma. Mkorosho hauhami. Mtu alipelekwa kando ya barabara, mikorosho yake ikabaki kule porini mwendo wa saa mbili, magugu yakaimeza, moto wa kiangazi ukaimalizia. Sisemi kwamba nia ilikuwa mbaya. Shule na zahanati zilikuja na vijiji vile, na Kitomanga yenyewe imekua kwa kuwa barabarani. Nasema tu kwamba kijana aliyezaliwa mwaka 1965 alifikia umri wa kuoa katika ule mwaka ambao baba yake hakuwa na korosho ya kumwozea.

Na ni miaka ileile ambayo mlango wa biashara ulifunguliwa. Kuanzia 1984 bidhaa kutoka nje ziliruhusiwa kwa upana, mitumba ikajaa. Mwaka mmoja tu nyuma yake, 1983, ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, na watu wasio na kazi inayotambulika walikuwa wakikamatwa Dar es Salaam na kusombwa kurudishwa vijijini. Walirudishwa, wakageuka. Siwezi kumcheka aliyegeuka. Kule alikorudishwa alikuwa na jembe na magugu. Huku alikotolewa alikuwa na viatu kumi vya kuuza, na jioni anakula.

Safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Vijana wa leo wanaoamka Lindi na kulala Mbagala hawataamini kwamba mwaka 1995 njia hii ilifungwa na mvua kwa miezi, kwamba pale Ndundu watu walilala wakisubiri pantoni, na kwamba wenye uwezo walipanda meli hadi Mtwara ili waepuke tope la Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 tu, kilibaki bila lami iliyokamilika hadi miaka ya 2010 ilipokuwa imekwenda. Na Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara upande wa Kilwa, Lindi na Mtwara zilijikuta tena kisiwa, kwa siku kadhaa, kama zamani.

Sasa nawaomba kalamu na karatasi, maana nina hesabu kidogo.

Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 215,764 Lindi Vijijini. Sensa ya 2012 ikahesabu 194,143. Wamepungua! Lakini ngoja, msikimbilie kulia: katika miaka hiyo mipaka iliguswa, na baadhi ya maeneo yakaingizwa mjini. Kwa hiyo tuchanganye mjini na vijijini. Mwaka 2002 jumla ni 257,313. Mwaka 2012 ni 272,984. Ongezeko la watu wasiofika 16,000 katika miaka kumi, yaani asilimia sita. Katika muda huohuo Dar es Salaam ilitoka watu milioni mbili na nusu ikapita milioni nne na laki tatu. Lindi hawakuacha kuzaa. Walizaa, wakalea, wakasomesha mpaka darasa la saba, kisha wakatutumia sisi. Tukawapokea kwa mgambo.

Nasema mgambo kwa sababu yaliyofuata mnayajua. Lilijengwa jengo kubwa Ilala likaitwa Machinga Complex, ambalo wenye jina walilikimbia kwa kuwa mteja hapandi ghorofa kutafuta soksi. Desemba 2018 vilitoka vitambulisho vya shilingi 20,000, na kwa muda mchuuzi akaachwa apumue. Oktoba 2021 wakaondolewa barabarani. Januari 2022 soko la Karume likateketea. Katika yote hayo sikuwahi kusikia mtu akiuliza swali ambalo kwangu ndilo la kwanza: je, kule Kitomanga pakoje, ili asiyetaka kuja asilazimike?

Pakoje basi? Pana nafuu, lazima tuseme. Korosho ilirudi kwa dawa ya salfa na mbegu bora. Ufuta umekuwa zao la fedha. Wakulima huuza kwa mnada kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha Lindi Mwambao, kwa stakabadhi ya ghala, utaratibu unaosifiwa mwaka bei ikiwa nzuri na kulaaniwa malipo yakichelewa. Lakini mkulima bado yuko mkononi mwa watu wa mbali. Mwaka 2017 India iliweka kikomo cha kununua mbaazi, na gunia la Lindi likakosa thamani ndani ya msimu mmoja. Mwaka 2018 wanunuzi wa korosho walitaka bei ya chini, Serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likasomba mzigo; wako waliolipwa wakashukuru, na wako waliosubiri wee.

Na wamekuja wageni. Baada ya wafugaji kuondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, ng'ombe waliteremka kusini kwa maelfu, wakaingia Kilwa na Lindi, nchi ambayo haikuwa na desturi ya ng'ombe wengi. Mabonde yenye maji, kama la Mbwemkuru, ndiyo yaliyowavuta. Mwera au Mmachinga anayelima bila ua, na Msukuma anayechunga bila mpaka, wakikutana kwenye mto mmoja wakati wa kiangazi, hapo amani hutegemea busara ya mwenyekiti wa kijiji kuliko sheria yoyote. Sensa ya 2022 ilionyesha mkoa wa Lindi umefika watu 1,194,028, kutoka 864,652 miaka kumi nyuma. Mkoa uliokuwa ukitoa watu, sasa unapokea pia. Ardhi iliyodhaniwa haiishi imeanza kuhesabiwa.

Ndiyo maana nimelileta jambo hili wiki hii. Wilaya hii imekatwa mara kadhaa. Mkoa wa Lindi ulizaliwa mwaka 1971 kwa kuugawa mkoa wa Mtwara. Ruangwa ikapata wilaya yake mwaka 1995. Kuelekea mwaka 2020, Halmashauri ya Wilaya ya Lindi ikagawanywa: upande wa kusini na magharibi ukabaki na kuitwa Halmashauri ya Wilaya ya Mtama, na kata za jimbo la Mchinga, Kitomanga ikiwa mojawapo, zikaingizwa katika Manispaa ya Lindi. Kwa kalamu moja, mkulima wa korosho wa Kitomanga akawa mtu wa mjini.

Kwa umbali, sina ugomvi na uamuzi huo. Ofisi za halmashauri ya zamani zilikuwa Lindi mjini. Kama Kitomanga ingefuata Mtama, mtu angepita Lindi, azunguke Mingoyo, ndipo apande bara kutafuta muhuri. Manispaa ni karibu. Na ziko ahadi za gesi: kiwanda kikubwa cha kusindika gesi kimepangwa Likong'o, kaskazini ya mji, na mwaka 2022 Serikali ilisaini makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell. Anayepanga mji wa gesi hupenda kuwa na nafasi ya kupanukia.

Nafasi hiyo ndiyo shamba la mtu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti kabla kipande hakijagawiwa. Mtaa wa mjini hauna madaraka hayo. Mwenyekiti wa mtaa huandika barua ya utambulisho na kuamua ugomvi wa mfereji. Ardhi ina maofisa wake, na ramani zake, na ada zake. Kwa hiyo kijiji kilichomo ndani ya Manispaa kikibaki kijiji, mambo ni mengine. Siku kikigeuzwa mtaa, mambo ni mengine kabisa. Mtu anaweza kulala mwenye mkorosho wa babu akaamka mmiliki wa kiwanja ambacho hakijapimwa.

Basi ninyi mlioko Kitomanga, Mchinga, Mipingo na Kilolambwani, na ninyi wenye wazazi huko ambao sasa mnanisikiliza mkiwa mmepanga bidhaa chini pale Mbagala Rangi Tatu: katika mkutano ujao, kabla ya ajenda ya michango, mwulizeni diwani mambo mawili. Kijiji chetu ni kijiji mpaka lini? Na mpango wa matumizi ya ardhi, uwe wa kijiji au wa mji, uko wapi ili tuusome mashamba yetu yameandikwa kuwa nini, na njia ya ng'ombe ipite wapi? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na nakala ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya kata, ambapo hata aliyeko Kariakoo akirudi kwa msiba au kwa jando ataweza kuusoma.